Siku moja wodini: saini, pazia na kisanduku kitupu

Saa 1 asubuhi. Tunakabidhiana zamu kitanda kwa kitanda. Mwenzangu wa usiku anaanza kusoma majibu ya vipimo vya kitanda cha 4 kwa sauti inayofika kitanda cha 7. Namvuta kando. Pazia linazuia macho tu, masikio haliyazuii. (Namba za vitanda nimezibadilisha.)

Saa 2:30. Dawa. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Namuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa hata mzee niliyemhudumia siku tisa mfululizo. "Sista, leo umenisahau?" Ananicheka. Nami sisemi "Wewe ndiye fulani?", maana mtu mwenye usingizi huitikia jina lolote.

Saa 4. Mama mmoja anasubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Presha nimepima, fomu ya ridhaa imesainiwa, machela iko mlangoni. Namuuliza tu, "Mama, umeelezwa unafanyiwa nini?"

"Wananitoa uvimbe, mwanangu."

Fomu inasema wanatoa uvimbe pamoja na kizazi chote. Alisaini jana jioni akiwa na maumivu, miwani yake iko nyumbani.

Kumweleza upasuaji si kazi yangu, ni ya daktari atakayempasua. Yangu ni kutoisukuma hiyo machela. Nikampigia daktari, akaja amekunja uso: "Si amesaini?" Nikamjibu kwamba saini ipo, ila anachokijua mama sicho kilichoandikwa. Chuoni tulikariri kanuni nne za maadili ya tiba zilizoenezwa na kitabu cha Beauchamp na Childress cha mwaka 1979: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Mtihani nilifaulu. Ila kwenye mtihani hakukuwa na daktari anayetazama saa wala timu nzima iliyokwisha kunawa mikono.

Kwa haki yake niseme: alivuta kiti, akakaa na yule mama kama dakika ishirini, akachora hata picha. Mama akanyamaza, kisha akaomba azungumze na dada yake kwanza. Upasuaji ukaahirishwa. Chumba cha upasuaji walinipigia simu mara mbili, na si kunipongeza.

Saa 7 mchana. Kijana mmoja, ambaye baba yake ndiye mgonjwa wetu, ananisihi nisimwambie mzee ugonjwa alionao. Namwambia sitamtangulia daktari, lakini mzee akiniuliza mwenyewe sitamdanganya. Hakupenda. Tumekubaliana wakae wote watatu na daktari kesho.

Saa 9:20. Hapa ndipo penye aibu yangu. Kitanda cha 2 alibanwa na pumzi, nikawa naye zaidi ya saa nzima. Narudi kwenye chati ya kitanda cha 11, nakuta kisanduku cha saa 8 ni kitupu. Asubuhi presha yake ilikuwa 128/76. Ningeandika 126/78, nani angejua? Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kufanya hivyo, tena zaidi ya mara moja, na waliokuwa juu yangu walinifundisha kwa vitendo.

Nilimpima palepale: 130/78. Yaani ningebuni, ningekaribia kabisa kupatia. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu ndivyo mkono unavyozoea. Nikaandika kipimo kwa saa yake halisi, 9:20, na kile cha saa 8 nikaandika hakikuchukuliwa, na sababu.

Saa 11. Kugeuza wagonjwa, kubadilisha shuka, chai iliyopoa.

Saa 1 usiku. Nakabidhi zamu. "Kitanda cha 11, kipimo cha saa 8 sikuchukua, nilikuwa kitanda cha 2." Mwenzangu anaandika bila kuinua macho.

"Na yule mama wa upasuaji?"

"Kesho saa 3. Ameshaongea na dada yake, na miwani imeletwa. Anataka kuisoma fomu mwenyewe, kwa hiyo msimharakishe."