Bega la Kulia

Juzi tulikuwa uwanjani tukipiga mistari kwa chokaa, maana mashindano ya raga ni Jumamosi hii. Binti yangu, aliyekuwa ameshika kamba, akaniuliza: "Baba, mbona wachezaji ni saba tu, na uwanja ni uleule wa watu kumi na tano?"

Nikaanza na lililo jepesi. Melrose, Uskoti, mwaka 1883: klabu haina fedha, na Ned Haig, muuza nyama aliyekuwa akiichezea, akatoa wazo la mashindano ya kuchangisha. Timu za watu 15 zisingeweza kumaliza mechi zote alasiri moja, basi wakapunguza wachezaji wakabaki 7, na muda ukawa dakika 15.

"Kwa hiyo raga ya saba ilianza kwa sababu ya michango?"

Ndiyo, mwanangu. Tangu siku ya kwanza.

"Na haya yetu je?"

Nikainamia ndoo ya chokaa, nikakoroga.

Haya yetu yalianza kwa sababu ya shingo ya swahiba yangu. Yalikuwa mazoezi ya kawaida, jioni, na aliyemkaba, yaani aliyemdaka na kumwangusha akikimbia na mpira, ni mimi. Wote waliokuwepo walisema nilimkaba kihalali, chini ya mabega, na hata mimi nasema hivyo. Lakini hakuinuka. Zikaja hospitali, yakaja madeni, kisha klabu ikaamua: siku moja ya raga, kila kitakachopatikana kiende kwenye kitimwendo chake, tiba ya viungo na kupanua milango ya nyumba yake.

Nilisema sichezi. Nikachukua ndoo ya michango, nikazunguka nayo tangu asubuhi. Alasiri mwenzetu mmoja akateguka kifundo, wa akiba wameisha, nahodha akanitupia jezi bila kusema neno.

Anayecheza raga ya saba anajua: ukipitwa, nyuma yako hakuna mtu. Kipindi cha pili winga wao akachomoka, tukabaki wawili, mimi na yeye. Namwona mpaka leo. Soksi moja imeshuka, mpira kauhamishia mkono wa nje, macho yake yako kiunoni pangu apate kujua nitaelekea wapi. Anakuja kwa upande wa kona, na pale konani, hatua chache nje ya mstari, swahiba yangu amekaa kwenye kiti cha kuazima, blanketi magotini, ndoo ya michango juu ya blanketi. Nilikuwa nimeshainama. Bega la kulia lilikuwa limejipanga lenyewe, lilelile la siku ile. Nikasikia pumzi za yule kijana. Mikono ikagoma. Akapita karibu kiasi kwamba jezi yake ilinigusa vidole, nikabaki nasikiliza njumu zake zikikata nyasi hadi chini ya milingoti ya goli letu.

Tulifungwa. Fedha zilipatikana, na kitimwendo kilinunuliwa.

Baada ya filimbi nikamwendea pale konani. Hakuweza kugeuza shingo, basi nikachuchumaa mbele yake anione.

"Ulikuwa umempata," akasema. "Umemwachia."

Nikanyamaza.

"Usifanye hivyo tena mbele yangu."

Miaka yote hii tumeongea kila jambo, tumezika wazazi pamoja, ila sentensi hiyo sijawahi kumrudishia. Sijui alikuwa ananifungua au ananilaumu. Nimekaba watu wengi tangu hapo, na kila mara jicho langu hutangulia konani kwanza.

"Baba, nimekuuliza."

"Muulize yeye Jumamosi," nikamwambia. "Ataipenda hiyo."

Huwa anafika kabla ya timu zote. Tulipofika konani nikamwambia binti yangu asimwage chokaa nje ya mstari, na tukasogeza benchi pembeni, magurudumu yapate kupita.