Mchujo umeisha, tumebaki!

Aisee tumebaki Ligi Kuu 😭 Nipo kwenye basi saa hizi, sauti sina kabisa.

Kwa msiofuatilia, wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 ndo wanakutana kwenye mchujo nyumbani na ugenini, ukipoteza hapo unaenda tena kukutana na timu ya Championship (ligi ya chini yetu) yenye njaa balaa. Sisi tumemalizana hukohuko mwanzoni, alhamdulillah.

Watu wananisifia ile sevu ya mwisho.

Sawa, ila hamkuona vyumbani. Kipa mwenzangu, msimu mzima anakaa benchi, leo kanifunga plasta vidole, kimoja kimoja, taratibu kama anamvalisha mtoto, huku ananiambia yule namba kumi wao anapenda kupiga kulia kwako, we subiri usiwahi kuruka.

Na kweli akapiga kulia.

Nusu ya ile sevu ni yake bana, nimemwambia hata bonasi tunagawana (ikitoka lakini 😂)

Mi wa Ujiji, tumekua na stori za kipa Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, 2003 Simba wanaitoa Zamalek kwa matuta kulekule Cairo. Mzee wangu akihadithia utadhani alikuwepo uwanjani. Leo kanipigia, mpira hajaugusa, kauliza tu "umekula?"

Haya wa Kigoma mpo? Nitajieni kipa mkali wa mtaani kwenu ambaye hakubahatika kucheza ligi 👇