Mama Livia kafa, na hakuna wa kumsifia

Jana usiku nimerudia ile episodi ya 2001 ya The Sopranos (tamthilia ya Marekani kuhusu Tony, bosi wa mafia, na familia yake), ile Livia anafariki. Yule mama jamani, si ndo alitaka mwanae Tony auawe! Basi msibani nyumbani kwa Tony, dadake, Janice, anawalazimisha watu waseme kumbukumbu nzuri za marehemu, kimya, kila mtu anaangalia chini, mpaka Carmela, mke wa Tony, uvumilivu unamshinda anaropoka yote kuhusu mama mkwe wake. Kwetu marehemu hasemwi vibaya kwa hiyo nilikuwa nacheka huku naona aibu. Livia mwenyewe waliomuunga kwa kompyuta (mwigizaji wake Nancy Marchand alishafariki 2000) anaonekana feki kabisa. Ila Tony kukaa peke yake anaangalia sinema ya zamani yenye mama mpole, machozi yanamtoka... nikazima TV.