Nilivyozifungua nywele zangu za kipilipili kwa vidole na ute wa bamia

Karibu kila msusi ambaye nimewahi kukalia kiti chake hapa Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, ameniambia kwamba nywele zangu ni ngumu na kwamba tiba yake ni moja tu, yaani ile dawa ya kopo inayonyoosha na kuunguza ngozi ya kichwa kwa pamoja. Leo nina nywele za kipilipili ambazo zikivutwa zinafika mabegani, sijazitia dawa hiyo tangu nilipoachana nayo, na ninazichana bila machozi. Wanaoniona hunivuta pembeni kuniuliza ninatumia kitana gani. Swali hilo linaniudhi kidogo, kwa sababu kazi kubwa huwa imekwisha kabla kitana hakijaguswa.

Wanawake wengi wa rika langu hawakufundishwa kuchana nywele zao, na si uzembe wao. Katika shule nyingi za serikali wasichana hutakiwa kunyoa au kuzipunguza nywele mpaka zikaribiane na ngozi, kwa hiyo mtu anaweza kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, miaka 11 mizima, bila kuwahi kuwa na nywele zenye urefu wa kutosha kusokotana. Akimaliza mtihani huziachia zikue, na zikishafika urefu wa kidole hupelekwa saluni kutiwa dawa, au husukwa rasta juu kwa juu, mwezi huu na ujao, hadi anasahau kichwa chake kinafananaje. Ule ujuzi wa bibi zetu wa kuketi mkekani na mtoto katikati ya magoti ulikosa wa kuupokea. Mimi nilianza kuzifahamu nywele zangu nikiwa mtu mzima mwenye kazi na kodi ya nyumba.

Lililonilazimisha kuzifahamu ni rasta. Nilisuka rasta ndogondogo za kufika kiunoni, kisha misiba na harusi za ukoo zikafuatana bila kuniachia Jumamosi hata moja, msuko ukakaa kichwani hadi nywele mpya zikawa zimeota kiasi cha upana wa vidole viwili chini yake. Nilipoanza kufumua nikakuta kwenye kila shina la rasta kidonge cha kijivu, mchanganyiko wa vumbi, jasho, mafuta na nywele zilizokwisha kung'oka zenyewe. Hapa ndipo watu wengi hupiga kelele kwamba wananyonyoka. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na asiyesuka hazioni kwa sababu hudondokea bafuni, kwenye mto na njiani. Msuko ukikaa wiki 8, nywele kati ya 2,800 na 5,600 zinakuwa zimekwisha kuachana na ngozi ya kichwa, lakini zimebaki humohumo, zikizizunguka zile ambazo bado zina mizizi. Rundo linalotoka siku ya kufumua ni malimbikizo ya miezi miwili, wala si dalili ya ugonjwa. Kinachotakiwa ni kuzitoa zilizokufa bila kuzing'oa zilizobaki.

Nilikwenda saluni kwanza, kwa kuwa nilidhani jambo hili lina wataalamu. Binti aliyenipokea alizishika zikiwa kavu kabisa, akachukua kitana chenye meno ya karibukaribu, akaanzia kwenye shina na kushuka nacho kwa nguvu. Nilisikia mlio wa kukatika masikioni mwangu. Nilipomwomba aanzie kwenye ncha, alinijibu kwa upole wa mtu anayemhurumia mshamba, "Dada, nywele ngumu inataka mkono mgumu. Hizi hazichaniki. Ama tuzikate zikaribie kichwa, ama tutie dawa kidogo tu zilainike." Nililipa kwa yale mashina machache aliyoyagusa, nikafunga kilemba, nikapanda bajaji.

Ushauri wa pili ulitoka kwa shangazi yangu wa Tabata, ambaye ninamheshimu katika mambo yote isipokuwa hili. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza yaliyonipata, naye akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya mafuta ya nyonyo. Yapashe moto, yapake mengi, uchane." Nilitii. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yananata kuliko mafuta mengine yote ninayoyajua, na kuyamimina juu ya nywele kavu zenye vumbi la miezi ni sawa na kumimina asali kwenye pamba. Vile vidonge vya kijivu vilivyokuwa vikavu na vyepesi viligeuka kuwa ulimbo. Kitana kiliingia na hakikutoka. Ilibidi nikiache kikining'inia juu ya sikio huku nikitafuta namna ya kukinasua, na mwanangu wa kiume, ambaye hana adabu ya kutosha, akaniuliza kama hiyo ndiyo fasheni mpya. Nilikinasua kwa kukimiminia kondishena nusu chupa. Tangu siku hiyo nyonyo naipaka kwenye nyusi tu.

Hata hivyo ile nusu chupa ya kondishena ilinionyesha njia. Nywele za kipilipili zina umbo bapa kidogo ukizikata na kuzitazama, hujikunja tangu zinapotoka kwenye ngozi, na kila mkunjo ni ndoano inayonasa unywele wa jirani. Mafuta yanayotengenezwa na ngozi ya kichwa hayawezi kuteremka vizuri kwenye mikunjo hiyo, ndiyo maana ncha huwa kavu hata kama shina linang'aa. Kinachohitajika kati ya unywele na unywele ni utelezi. Maji hulegeza mikunjo, na kitu kinachoteleza huruhusu nywele kupita bila kukwaruzana. Mafuta hung'arisha na kutunza, na yale ya nazi hata huingia ndani ya unywele wenyewe, lakini peke yake hayatelezi kiasi cha kufungua fundo lililokaza.

Tatizo ni kwamba kondishena nzuri haipatikani bure, na nywele zangu zinainywa. Jirani yangu, ambaye kwao ni Dodoma, alinisikiliza nikilalamika juu ya bei, kisha akasema kwa uzito wote, "Mama Junia, kitu kinachoteleza kuliko mlenda unakijua?" Tulicheka, lakini usiku nililala nikiufikiria. Mlenda una majani, na sikutaka kwenda kazini na vipande vya mboga kichwani. Bamia nayo ina ute uleule, na ikichujwa haiachi kitu.

Asubuhi nilinunua mafungu mawili ya bamia kwenye genge la karibu, kwa fedha isiyofika nauli ya bajaji. Muuzaji alinitafutia zile changa kwa ajili ya mchuzi, nami nikamwambia anipe hata zilizokomaa, akaniangalia. Nilizikata vipande, nikazichemsha kwenye maji ya kuzifunika mara mbili hivi, bila chumvi (naandika hili kwa sababu kuna rafiki yangu aliyetia), mpaka maji yakawa mazito na yakaanza kuvutika kwenye mwiko. Siri yote iko kwenye kuchuja. Chujio la chai halifai kitu, kwa kuwa ute huziba matundu na kukaa hapo. Ukingoja zipoe, ute hukaza na hautoki tena. Nilichukua soksi ndefu nyembamba ya kike, safi, nikaifunga mdomoni mwa jagi, nikamimina sufuria nzima ikiwa bado ya moto, kisha nikaivuta soksi juu na kuikamua kwa vijiti viwili vya mbao kuanzia juu kwenda chini. Ute ulishuka kwa utepe mmoja mrefu usiokatika, na sitaficha kwamba nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Mwanangu akatokea kuuliza ugali utakuwa tayari saa ngapi.

Ute ulipokuwa vuguvugu niliuchanganya na kondishena kidogo, nikajaza chupa ya kupulizia. Sikuoga kichwa kwanza. Kusugua kwa sabuni na maji nywele zilizojaa nywele nyingine zilizong'oka huzikaza mpaka ziwe kama blanketi, na hapo ndipo mkasi unapohitajika kweli. Niligawa kichwa mafungu madogo, nikabana mengine yote kwa vibanio, nikalowesha fungu moja hadi likachuruzika. Kile kidonge cha kijivu sikukivuta kuelekea chini. Nilikishika kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili na kukitanua kwa pembeni, kushoto na kulia, kidogo kidogo, mpaka kikawa wavu, na kutoka kwenye wavu huo nikachomoa zile nywele zilizokwisha kufa. Utazitambua kwa sababu zinakuja bila kubishana, na nyingi zina kinundu cheupe mwishoni. Penye ukaidi nilitumia mkia wa kitana, ule mrefu mwembamba, kupenyeza katikati ya fundo. Baada ya hapo nilianza na ncha na kupanda, huku mkono mwingine ukishika nywele juu ya fundo ili mvuto usifike kwenye ngozi. Fungu likiisha nalisokota mbilimbili na kuliweka kando, vinginevyo litarudi kujifunga na jirani yake. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, na adhana ya alasiri ilinikuta nikimalizia kisogo. Rundo lililotoka lilijaza bakuli. Sikukata kitu, isipokuwa yale mafundo madogo ambayo unywele mmoja hujifunga wenyewe karibu na ncha, ambayo hayafunguki na ni afadhali kuyaondoa kwa mkasi mkali kuliko kuyavuta.

Kuhusu vitana, sina ugomvi navyo, mradi vije mwisho. Vidole husikia fundo kabla ya kulifikia, meno ya plastiki hayasikii. Vitana vingi vya bei ya chini vinavyouzwa Kariakoo vina mshono mdogo katikati ya kila jino, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na mshono huo hukwaruza unywele kila unapopita. Kabla ya kununua navuta kitana kwenye kipande cha pamba ninachotembea nacho kwenye mkoba. Kikiondoka na nyuzi, nakirudisha, na wauzaji wamekwisha kunizoea. Ninachokitumia ni chanuo la mbao lenye meno mapana, lililopigwa msasa vizuri, nililolipata kwa wachongaji wa Mwenge. Brashi zenye vichwa vidogo vya mviringo kwenye ncha za meno ni nzuri mpaka kichwa kimoja kidondoke, na baada ya hapo kile kijiti kilichobaki ni msumari. Siku nyingine nikiwa na haraka naacha chanuo na brashi vyote, kwa sababu vidole na ute vimetosha, na sijaona tofauti ila nywele hazilali sawasawa sana.

Jambo ambalo wasusi hawalisemi kabisa ni maji. Sehemu nyingi za mji huu tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu na nywele zikikauka zinakwaruza mkononi. Hata ute mzuri namna gani, ukisuuza kwa maji hayo umerudi ulikotoka. Masika yakinyesha, kati ya Machi na Mei, nakinga maji ya mvua kwenye madumu na kuyatumia kwa suuza ya mwisho tu; kiangazi nanunua dumu la maji baridi yasiyo na chumvi na kulibania. Baadaye napaka mafuta ya nazi kidogo nywele zikiwa bado na unyevu, nasokota mabutu makubwa, na usiku nafunga kitambaa cha satini, kwa sababu pamba ya foronya hunyonya unyevu na kuvuta nywele.

Hewa ya Dar nayo ina lake. Unyevunyevu wa pwani hurudisha mikunjo yote uliyoinyoosha, ndiyo maana nywele zilizoachwa wazi asubuhi huwa nusu ya urefu wake kufikia saa saba mchana, na ukikaa dirishani kwenye daladala au ukivuka Kigamboni kwa kivuko zikiwa wazi, utarudi na mafundo yale yale. Mimi huziachia kwenye harusi tu, na kwa saa chache.

Gharama yote haifiki nusu ya ile ya saluni, kama huhesabu gesi na kama tayari una soksi. Ute huchacha haraka katika joto letu, basi unaobaki naumimina kwenye vyombo vya kugandishia barafu na kutumia vipande vichache kila ninapozichana. Umeme ukikatika siku nzima namwaga akiba yote bila kusita, kwa sababu niliwahi kupaka ute ulioanza kuchacha nikiwa na haraka ya kazini, na abiria aliyeketi nyuma yangu kwenye daladala alimuuliza kondakta kwa sauti kama kuna mtu amebeba mboga.