Ubao wa mkono ulionifunza kazi ya mionzi

Siku ya kwanza kuingia chumba cha katheta nilimtazama daktari zaidi ya mgonjwa. Katheta, yaani mrija mwembamba, aliipitishia kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mgonjwa, akaisukuma taratibu hadi kwenye moyo, macho hayabanduki kwenye skrini ya eksirei. Aproni ya risasi, madini yanayozuia mionzi, alivaa, lakini mikono na kichwa vilikuwa wazi. Eksirei hugonga mwili wa mgonjwa kisha hutawanyika, na aliye karibu huzipata kidogo kidogo kwa miaka. Ndiyo maana mtoto wa jicho huwapata madaktari hawa mapema. Mkono wa mgonjwa nao ulikuwa umeegemezwa kwenye mashuka yaliyokunjwa!

Nikaamua kutengeneza ubao mmoja wa kazi mbili: kutuliza mkono na kuzuia mionzi. Plaiwudi, bati la risasi la nusu milimita, sponji juu. Nikavivika ngozi bandia na kuziba kingo zote kwa gundi, maana risasi iliyo wazi ni sumu, na kisichofutika kwa dawa hakifai mle ndani.

Badala ya mgonjwa tulilaza dumu la maji la lita 20. Kwa eksirei, maji na nyama havitofautiani sana. Kipimamionzi nikakitundika anaposimama daktari. Mtambo wa eksirei ukiwa wima, namba zilishuka vizuri. Mtaalamu wa mionzi akauinamisha pembeni, zikapanda kuliko tulipopima bila ubao. Nikashuku kipimo. Akanionyesha skrini: ukingo wa risasi yangu ulikuwa umeingia kwenye picha. Mtambo ukikosa mionzi ya kutosha upande wa pili hujiongezea nguvu wenyewe. Kumbe kinga yangu ingemwongezea mgonjwa mionzi. Usiku ule sikulala.

Aliyenitoa pale ni muuguzi mkongwe. "Mwanangu, risasi ya nini begani? Daktari anasimama usawa wa nyonga."

Nikaikata yote ya juu ya kiwiko, nikabakisha plaiwudi tupu. Tulipouinamisha tena mtambo, namba zikabaki chini.

Bado haujalaziwa mgonjwa, vibali kwanza. Juzi muuguzi yule aliulazia mkono wake saa nzima. Kiwiko kikamfa ganzi, kwa hiyo sasa nabadilisha sponji.