Plagi Mfukoni mwa Baba Mdogo

Aliyechoka kwanza ni Mama. Si Baba, mwenye gari, wala si sisi tuliokuwa tukitumwa dukani kununua oili. Uwanja wa mbele aliusakafia Mama kwa hela zake za viazi, na kila gari lilipolala pale liliacha doa jeusi lisilotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Tukawa tunatandika maboksi chini ya ekseli ya nyuma. Boksi likilowa linatupwa, linatandikwa jingine.

Gari lilikuwa Land Rover Defender 110 ya injini ya 300Tdi, Baba aliinunua kwenye mnada ikiwa imeshatumika sana. Mwaka 2011, kwa mtu wa Mafinga mwenye shamba kule ndani Mufindi, hakuna aliyekuuliza kwa nini una gari la namna hiyo. Masika yakishika, njia za shambani zinabaki kwa Land Rover, matrekta na wenda kwa miguu.

Difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli kati ya magurudumu, ilikuwa imeshafungwa upya mjini si mara moja. Fundi anafungua kifuniko, anapaka silikoni, ile gundi ya tyubu ya kuzibia, anafunga, anajaza oili, tunalipa. Siku kadhaa panakuwa pakavu. Kisha Baba anapeleka mzigo Morogoro, anarudi kwa kuupanda mlima Kitonga, na asubuhi boksi limelowa. Fundi akaongeza silikoni. Safari nyingine akaongeza tena, mpaka ikawa imefura nje pande zote za kifuniko, na bolti nyingine hukuziona vichwa. Baba alimtetea: "Kijana anajitahidi." Kwa kweli alikuwa anajitahidi. Ila alijitahidi pale pale tu.

Mwezi wa sita mwaka ule tulikuwa na sherehe ya kumuaga Dada, Jumamosi, Makambako. Land Rover ndiyo ingebeba viti, turubai na masufuria. Baba Mdogo akatangulia kufika Jumatano. Miaka mingi alikuwa dereva na fundi kwenye mashamba ya chai, na mtu wa mashamba ya chai amezoea kutengeneza gari mahali ambapo spea iko mbali.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Boksi la nini hili?"

Mkoba ulikuwa bado begani. Nilimweleza, naye akachuchumaa, akachungulia uvunguni, akapitisha kidole chini ya kifuniko na kukinusa. Baba alipotoka ndani wakasalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa na za mvua, kisha Baba Mdogo akauliza jambo ambalo mjini hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Kaka, linavuja likiwa limelala tu, au mpaka litembee?"

"Mpaka litembee. Na liwe limetembea hasa. Nikienda sokoni na kurudi, hakuna kitu."

"Na ukipanda Kitonga?"

"Hapo sasa ndipo penyewe."

Baba Mdogo akasema kesho tutalifungua hapa hapa nyumbani. Baba akasema kesho lazima liende kuchukua turubai. Walibishana kidogo kwa adabu, mpaka Mama akatoka na beseni lake la zamani na kuliweka uwanjani karibu na gari. Ikawa imeamuliwa.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Juni ya Mufindi, vidole havina habari na mwenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Jeki ikainua nyuma, lakini Baba Mdogo hakuiamini. Akaweka magogo mawili ya mkaratusi chini ya ekseli, akalishusha gari juu yake na kulisukuma kwa bega. Lilipokataa kutikisika ndipo akaniita nishike tochi.

Nilidhani ataanza kumwaga oili. Akaanza na plagi ya kujazia, ile iliyo kwenye kifuniko.

"Hii ikikataa kufunguka, tukiwa tumeshamwaga, tutajazia wapi?"

Tundu lake ni la pembe nne, na ufunguo wake alikuwa nao, kipande cha chuma alichochongesha kwa mhunzi. Plagi ilikuwa imeshikana. Aliigonga kichwani kwa nyundo, akatia ufunguo, akaning'iniza uzito wake kwenye bomba la kuongezea urefu. Ikalia. Ikaachia. Ndipo akafungua ya chini.

Harufu ya oili ya gia huwezi kuichanganya na nyingine, inachoma puani kama salfa, kwa kuwa salfa imo ndani yake. Lakini rangi haikuwa ya kawaida. Ilitoka imepauka, kijivu, ina povu.

"Limekunywa maji," akasema.

"Maji yameingiaje, na kumefungwa kwa silikoni yote hii?" Baba akauliza.

"Ndiyo ninachokitafuta."

Kifuniko kina bolti 10. Alizilegeza zote, akazitoa tisa, ile ya juu akaiacha imeshikilia kwa nyuzi chache. Nilielewa sababu alipoingiza bisibisi pembeni na kugonga kwa kipande cha ubao: kifuniko kiliachia ghafla, oili iliyobaki ikamwagika, lakini chenyewe kikabaki kinaning'inia badala ya kumwangukia usoni. Kisha akachukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu ya redio, akaizungusha ndani ya beseni. Ilitoka na tope laini la kijivu. Akalisugua kati ya vidole, akatafuta vipande, hakupata. Meno ya gia nayo aliyazungusha moja moja mbele ya tochi. Yalikuwa salama, na hapo nilimwona Baba akivuta kiti.

Silikoni ya zamani ilitumaliza asubuhi nzima. Juu kulikuwa na nyekundu, chini yake nyeusi, chini kabisa ya buluu, kila fundi kapaka juu ya mwenzake. Tuliikwangua kwa kisu kilichokufa makali na brashi ya waya. Uso wa chuma ulipoonekana, Baba Mdogo aliomba kioo. Kabatini kulikuwa na kioo cha kuvalia kilichovunjika. Tukalaza kipande kikubwa juu ya meza, msasa juu yake, akasugua kifuniko mara chache na kukigeuza. Kuzunguka kila tundu la bolti chuma kiling'aa, katikati ya tundu na tundu kilibaki cheusi.

Nakikumbuka kile kifuniko kuliko vitu vingi vya mwaka ule. Ni bati zito lililofinyangwa kwa mashine, na kila aliyetaka kuzuia mafuta alikuwa amekaza bolti kwa nguvu zake zote, mpaka bati likabonyea kwenye matundu na kuinuka kati yake. Kadiri walivyokaza ndivyo walivyofungua njia. Baba Mdogo alikilaza juu ya reli fupi ya chuma na kugonga kila tundu polepole kutoka upande wa ndani, anagonga, anarudi kwenye kioo, anasugua, anatazama, anagonga tena. Hakusema kitu muda wote huo. Alipomaliza, mng'ao ulizunguka kifuniko chote bila kukatika.

Bado maji yalikuwa hayajajibiwa. Alijilaza tena uvunguni, akafuata kwa kidole mpira mwembamba unaotoka juu ya ekseli na kupanda kwenye chesisi. Ni mpira wa kupumulia. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na lazima ipate pa kutokea. Aliuchomoa, akatia mdomoni, akapuliza. Mashavu yakajaa, shingo ikatoka mishipa, hewa haikupita. Alichokonoa ncha ya juu kwa spoki ya baiskeli, na udongo mkavu ukaanguka kiganjani mwake, mwekundu, umefinyangwa vizuri. Nyigu alikuwa amejenga humo.

Alimweleza Baba wakiwa wote wamekaa chini. Unapanda Kitonga na mzigo, difu inachemka, hewa inakosa njia, inasukuma oili itokee penye unyonge. Halafu jioni unakanyaga mto ule wa shambani difu bado ya moto. Inapoa mara moja, inavuta, na kwa kuwa hewa haipiti inavuta maji kwa kile kile kijitundu ilichotolea oili. Baba alichukua kile kiota cha nyigu akakitazama muda mrefu.

"Na mimi nimelipia silikoni," akasema.

Kupaka nilipaka mimi. Si kwa heshima yoyote. Baba Mdogo mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na alijua kwamba keki ya Dada nilikuwa napamba mwenyewe. "Si ni ile ile ya keki? Usisimame katikati." Kabla ya hapo tulifuta uso wa chuma kwa petroli, jiko la Mama likahamishwa hadi nyuma ya nyumba, na hapo ndipo penye ugumu ambao watu hawausemi: oili iliyobaki kwenye mirija ya ekseli inaendelea kuteremka. Unafuta, unageuka kuchukua tyubu, unakuta uso wa chini umelowa tena. Tulifuta, tukanywa chai, tukafuta, tukala mchana, tukafuta. Baba Mdogo aligusa kwa karatasi nyeupe, na karatasi ilipotoka nyeupe ndipo aliponiruhusu.

Nilipitisha mstari mmoja mwembamba, unaozunguka upande wa ndani wa matundu na kulizingira kila tundu, bila kukata. Nilitaka kuongeza kidogo pale chini, nikazuiwa. Inayozidi inajiminya kuingia ndani, inakatika na kuogelea kwenye oili. Tukaipa dakika chache ianze kushika, kifuniko kikaingia, bolti zote zikafungwa kwa vidole tu. Baadaye akazikaza kwa kupishana, ya juu kisha ya chini, ya kushoto kisha ya kulia, kwa mkono mmoja na spana fupi.

Saa kumi jioni Baba akaleta kidumu cha oili ya gia, namba 90.

"Bado, Kaka. Hii inakauka kwa unyevu wa hewani, na baridi hii inaichelewesha. Mpaka kesho jioni."

"Nakwenda hapo tu kuchukua turubai."

"Mpaka kesho."

Usiku nilimsikia Baba akipekua karai la vifaa uwanjani, anatafuta plagi ya kujazia. Hakuipata. Asubuhi Baba Mdogo alikunywa uji huku plagi imemtuna kwenye mfuko wa shati, na hakuna aliyemuuliza kitu. Turubai lilikuja kwa guta la jirani. Ijumaa jioni gari lilishushwa likae sawa, tukajaza lita mbili na kidogo mpaka oili ikachuruzika kwenye tundu, na plagi ikarudi mahali pake.

Makambako tulifika na kurudi. Ukumbini Baba Mdogo aliingia uvunguni na suti yake, mbele ya wakwe, akatoka na kidole kikavu na goti jeusi. Mama alijifanya hamjui.

Jumatatu Baba alisimama kwenye ile gereji ya mjini kujaza upepo. Fundi akainama, akatazama nyuma, akashangaa.

"Mzee, hii mlitumia silikoni gani?"

"Kama ile yako," Baba Mdogo akamjibu, "tyubu moja, na nusu imebaki." Kisha akamwonyesha mpira wa kupumulia. Kijana hakununa. Alivuta boksi, akajilaza chini ya ekseli ya mbele bila kuambiwa, akapuliza mpira wake, na tukasikia akikohoa udongo.