Nilivyowahamishia washauri wa ajira karakana

Siku ya kwanza ya mafunzo ya kuwasaidia walioumia ubongo warudi kazini, niliwachosha. Walikuwa washauri wa ajira 11, hapa Moshi, nami mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayewasaidia wagonjwa na majeruhi kurudia shughuli zao za kila siku, nikaanza na picha za ubongo: sehemu ya mbele hupanga mambo na kuzuia pupa, za pembeni husaidia kuhifadhi kumbukumbu. Waliandika kila neno. Mchana wakamhoji seremala aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda. Alijibu vizuri, akacheka nao, akataja bei za mbao bila kusita. Alipotoka, mshauri mmoja akaniambia, "Dada, huyu mzima. Anadeka tu."

Iliniuma, maana hata nyumbani kwao walimwambia hivyohivyo. Lakini kosa lilikuwa langu. Katika chumba kimya, anayeuliza ndiye anayepanga kila kitu. Anayehojiwa hufuata tu, na jeraha la mbele ya ubongo halionekani.

Kesho yake, kwa ridhaa yake na ya mwenye karakana, tukaenda kumwona kazini. Msumeno wa umeme unanguruma, redio imefunguliwa, mteja anaulizia kitanda chake. Seremala akapima ubao, akaitwa, aliporudi akaupima upya, kisha akakata bila kuweka alama. Kufika saa tano alikuwa amechoka kabisa, akamfokea kijana aliyemletea gundi. Washauri walinyamaza.

Hapo mafunzo yakaanza kweli. Wakaandika hatua zote za kutengeneza stuli moja na kutafuta ni wapi anapotea. Hatua zile zikabandikwa mbele ya meza yake, akimaliza moja anaweka tiki. Nilisisitiza asiachwe kubahatisha: mwenye kumbukumbu dhaifu akikosea, mara nyingi kosa lenyewe ndilo linalomkaa. Meza ikasogezwa mbali na msumeno, na akaanza kwa kufanya kazi muda wa saa mbili tu, asubuhi.

Mwenye karakana akagoma kumlipa mtu wa saa mbili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni wenye ulemavu. Karakana ya watu sita haiguswi. Hapo mshauri hana budi kujua kuzungumza na watu. Aliyeokoa jahazi ni yule yule aliyesema seremala anadeka: "Mzee, usimlipe kwa saa. Mlipe kwa stuli."

Mzee akakubali. Wiki ya tatu zilitoka stuli nne, na hakuna iliyoyumba.